Saini ya Kumi na Mbili

Palikuwa na Mkurugenzi Mkuu, Bwana Hizza Kaniki, mwenye Shirika la Maghala na matawi yake thelathini. Akasikia, huko alikosikia, kwamba mashirika ya wenzake yameacha kutengenezewa programu za kompyuta kwa miaka mitano mitano. Siku hizi, aliambiwa, fundi hutengeneza kipande kidogo, baada ya wiki mbili hukuonyesha, ukakikosoa, akarekebisha, mkaendelea. Njia hiyo huitwa ya wepesi. Bwana Hizza akaitamani kama mtu anavyotamani kilemba cha jirani.

"Nasi tuwe wepesi," akaamuru. "Lakini kwanza tujiandae."

Wakajiandaa, jamani! Ikaundwa Kamati ya Maandalizi ya Wepesi, wajumbe ishirini na watatu. Kamati ikaenda semina hotelini siku sita, kujifunza kufanya mambo haraka. Huko wakaambiwa kwamba wenye njia hii hukutana kila asubuhi kwa robo saa, wamesimama, ili maneno yasiwe mengi. Wakalipenda hilo. Kila asubuhi wakasimama kwa muda wa saa tatu nzima, isipokuwa Mkuu, aliyeletewa kiti. Baada ya miezi kumi na minne ikazaliwa hati ya kurasa mia nne na kumi na mbili, yenye saini kumi na moja, ya juu kabisa ikiwa ya Mkuu mwenyewe. Humo mliandikwa kila kitakachoonekana kila wiki mbili kwa miaka mitatu. Kilichobaki ni fundi wa kutia saini ya kumi na mbili.

Fundi akapatikana. Alikuwa Chausiku Chembera, aliyetengeneza programu zake katika kile kile kichumba ambamo marehemu babake alitengeneza saa. Kibao cha mlangoni kilikuwa bado na jina la mzee: Chembera, Fundi. Chausiku alikuwa mtu wa maneno machache, ila kila neno lilikuwa na ncha. Habari za mafundi watatu waliomtangulia alikwisha kuzipata. Walisaini hati za kazi nyingine za Shirika, wakakosea, na majina ya maduka yao yakabandikwa kwenye ubao wa lango la Shirika, chini ya neno HAWAFAI. Tangu hapo hakuna mtu mjini aliyewapa kazi, hata ya kufunga printa. Akisaini, jina la Chembera litabandikwa kwa kosa la kwanza. Akikataa, litabandikwa siku hiyo hiyo. Akaomba wiki mbili za kuisoma hati. Akapewa.

Siku ya siku akaingia na kompyuta yake kwapani. Wajumbe wamesimama. Mkuu amekaa. Katibu, Mzee Shekue, kalamu mkononi, kwani desturi ya Shirika ilikuwa hii: alisemalo Mkuu kikaoni, likishaandikwa, ni agizo, na kabla ya adhuhuri limefika matawi yote thelathini.

"Binti Chembera, umeisoma?"

"Nimeisoma, Mkuu. Kurasa zote."

Wajumbe wakatazamana. Kati yao hakuna aliyewahi kufanya hivyo.

"Basi saini. Na ujue, hati hii haibadilishwi hata nukta. Katibu, andika!"

Katibu akaandika.

"Mkuu, hiyo njia ya wepesi, si ndiyo ya kuona na kurekebisha?"

"Utarekebisha. Marekebisho yote yamo humo tayari, kuanzia ukurasa wa mia tatu."

"Nimeyaona. Mmeandika mpaka makosa nitakayofanya mwaka wa tatu."

"Ndiyo maandalizi hayo! Ninyi mafundi wa uchochoroni mnaamka asubuhi mnaanza tu."

"Wengine hatuletewi kiti, Mkuu. Ukisimama, miguu hukukumbusha kuanza."

Mjumbe mmoja akakohoa ili asicheke.

"Una mdomo, binti."

"Nimeurithi pamoja na duka."

"Unasaini, husaini?"

"Nitasaini. Ila nimekuletea ukurasa wa kwanza. Nimeutengeneza kama ulivyoandikwa, sikuongeza, sikupunguza. Nikiwa nimekosea, nibandike leo, usihangaike na kurasa nyingine. Hebu uwe mkulima, umeleta gunia moja la mahindi ghalani."

Mkuu akasogeza kiti. Kompyuta ikamuuliza jina. Akaandika. Ikamuuliza jina la babu mzaa baba, kisha la babu mzaa mama. Akaandika. Swali la tisa likataka rangi ya uzi ulioshonewa gunia. La kumi na nne likauliza kama gunia lina barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. La ishirini na moja, lililoongezwa na idara ya utumishi, likataka hali ya ndoa ya gunia.

Mkuu akapiga meza. "Upuuzi gani huu? Mkulima yuko juani, gunia kichwani, wewe unamuuliza kama limeolewa?"

"Simuulizi mimi, Mkuu. Ukurasa wa kwanza, kifungu cha ishirini na moja."

Katibu akafunua, akasoma, akainamisha kichwa. "Ndivyo kilivyo, Mkuu. Kimepitishwa."

"Kimepitishwa na nani?"

Katibu akatazama dari. "Saini ya juu kabisa, Mkuu."

Hapo hata waliochoka kusimama wakasimama vizuri.

"Sasa nihukumu," akasema Chausiku. "Nimeifuata hati, sikuifuata?"

"Umeifuata! Lakini mimi sikutaka hivi!"

"Wiki mbili zilizopita ulitaka."

"Usinichezee, binti! Wiki mbili zilizopita nilikuwa sijaona! Mtu hajui anachotaka mpaka akione, na akishakiona ana haki ya kubadilisha!"

Chausiku akamgeukia Katibu.

"Mzee Shekue, umeliandika agizo hilo lote, au Mkuu arudie?"