Pimbi Aliyelala Misimu Miwili

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa baridi!

Baridi ya wapi?

— Ya kule juu, maji hulala maji yakaamka jiwe!

Haya, mmeitika vizuri, isipokuwa Mkamburi aliyejinyoosha pale mkekani kama mgonjwa. Kaa kitako, mwenzangu. Hadithi ya leo ni ya waliolala na waliosimama, na mwisho wake nitakuuliza wewe.

Hapo kale, juu kabisa mlimani, palikuwa na ziwa dogo. Jioni maji, asubuhi barafu tupu. Wanyama wakalikanyaga, wakateleza, wakaanguka pu! Wakacheka. Katika kuanguka huko wakapata mchezo. Kila mmoja ana gongo lake, kisahani kimoja cha gome la mti, na magoli mawili ya matete. Unateleza serere, serere, unakipiga kisahani tang'! Kikiingia, bao. Jua likipanda barafu inalainika, kila mtu kwake.

Timu zilikuwa mbili, Wadogo wa Majabalini na Wakubwa wa Bondeni. Na msidhani walikuwa wanapoteza muda tu. Timu iliyoshinda msimu ndiyo iliyokula majani ya chemchemi kiangazi kizima. Iliyoshindwa ilitafuna miiba.

Sasa, kwa Wakubwa alikuwepo Nyati. Nyati hajui kuteleza. Nyati hajui kupiga kisahani. Nyati anajua kugonga. Na alikuwa mlafi huyo! Majani ya chemchemi aliyataka yote, hata ya wenzake wa timu. Akimwona mdogo mwenye kisahani, anainamisha kichwa, anatanguliza bega, anatoka mbali mbiombio, gu-gu-gu-gu, puu! Watazamaji wanaruka juu: "Tena! Tena!" Nisiwadanganye, hata mimi ningekuwepo ningeshangilia. Kishindo ni kitamu kikiwa si kichwa chako.

Mwamuzi alikuwa Mzee Tumbusi. Walimchagua yeye kwa sababu habari za aliyelala chini nani anazijua kumshinda? Sheria yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua kwa moyo: "Aliyeangushwa akilala, aliyemwangusha anakaa nje. Aliyelala akisimama, aliyekaa anarudi." Basi. Kila mtu aliiona ni haki kabisa. Mimi pia niliposimuliwa mara ya kwanza niliiona ni haki.

Siku moja Digidigi alikuwa na kisahani. Kwa Wadogo hakuna aliyemfikia kwa mbio. Alikuwa ameinama anatazama kisahani chake, mgongo kwa Nyati. Nyati akamwona. Akatoka mbali. Gu-gu-gu-gu, puu! Kichwani. Digidigi akaruka upande mmoja, gongo lake upande wa pili, na barafu ikalia kacha.

Watazamaji wakakimbilia ukingoni.

Mzee Tumbusi akatua. "Bega limegusa?"

"Limegusa."

"Amelala?"

"Amelala."

"Nyati, kaa nje mpaka asimame."

Hakuuliza Nyati alitokea wapi. Hakuuliza kama Digidigi alimwona anakuja. Sheria ilitazama aliyelala tu, naye alikuwa amelala.

Siku ya kwanza Nyati akamletea Digidigi majani laini. "Pole, ndugu yangu. Kula, upate nguvu. Unaweza kusimama?"

"Kizunguzungu," akasema Digidigi.

Siku ya pili wakaja watazamaji. "Bila Nyati mchezo hauna chumvi! Unaweza kusimama?"

"Kizunguzungu."

Siku ya tatu, sikilizeni vizuri, wakaja wenzake mwenyewe, Wadogo wa Majabalini. "Tumefungwa mara mbili bila wewe, bwana. Kiangazi kinakuja na watoto watakula miiba. Hebu jikaze. Unaweza kusimama?"

Digidigi akaona haya. Akajikaza. Miguu inatetemeka tetete, akasimama. "Niko sawa," akasema. "Niko sawa kabisa."

Mzee Tumbusi akapiga mabawa. "Amesimama! Nyati, rudi." Siku tatu tu, na kosa limekwisha.

Rafiki yake Digidigi alikuwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa maweni asiye na mkia wa kueleweka. Pimbi ndiye aliyeona mambo. Aliona Digidigi akielekea na kisahani kwenye goli lao wenyewe, watu wakacheka. Aliona Digidigi akisimama njiapanda asijue kwake ni wapi. Akampeleka kwa mganga, Nungunungu.

Nungunungu akakipapasa kichwa, akamvuta Pimbi pembeni. "Kikigongwa tena hiki, usiniletee mimi. Chimba shimo."

Pimbi akarudi mbio. "Digidigi, swahiba wangu, nakuomba, pumzika."

"Wataniita mwoga."

"Wacha wakuite!"

"Wewe ungepumzika?"

Kwa kweli asingepumzika. Aliupenda mchezo ule kuliko chakula. Asubuhi yeye ndiye wa kwanza kufika ziwani, na jua likipanda yeye ndiye wa mwisho kutoka, akiteleza kwenye majimaji. Basi kumzuia Digidigi ameshindwa. Akapeleka mawazo upande wa pili, kwa Nyati. Akaiwaza ile sheria, akaizungusha kichwani, akairudia neno kwa neno. Ghafla akacheka, kisha akaacha kucheka, maana aliona itamgharimu nini.

Kesho yake ilikuwa mechi. Na kulikuwa na desturi: kabla ya kuanza, wachezaji wanapeana bega, taratibu, maana yake tucheze kwa amani. Nyati akapita kwenye mstari. Akampa bega Sungura. Akampa bega Nguchiro. Akamfikia Pimbi, akamgusa kidogo sana, namna mtu anavyogusa uji kuona kama umepoa.

Pu! Pimbi huyo chini, miguu juu, ulimi nje.

"We!" akasema Nyati. "Nimemsalimia tu!"

Mzee Tumbusi akatua. "Bega limegusa?"

"Limegusa, lakini mzee..."

"Amelala?"

Wote wakamtazama Pimbi. Amelala, hana habari.

"Nyati, kaa nje mpaka asimame."

"Lakini sikumgonga! Jamani, mmeona wote! Sikumgonga!"

Nami nawaambieni, hapo Nyati alikuwa anasema kweli tupu. Machozi yalimlengalenga. Lakini siku ya Digidigi hakutaka mtu aulize kilichoonekana, na sasa hakuna aliyeuliza.

Wakambeba Pimbi wakamlaza juu ya jiwe lenye jua. Siku ya kwanza Nyati akaleta majani laini. "Kula, ndugu yangu. Unaweza kusimama?"

Pimbi akala yote, amelala vilevile. "Kizunguzungu."

Siku ya pili wakaja watazamaji wakipiga kelele. "Kizunguzungu."

Siku ya tatu wakaja wenzake wa timu. "Jikaze, bwana!"

"Mlimwambia hivyo Digidigi," akasema Pimbi. "Kizunguzungu."

Siku ya nne, siku ya kumi, mwezi. Mzee Tumbusi mwenyewe akaja, akamdonoadonoa ubavuni. Pimbi anajua kulala, jamani! Ndugu zake wote hulala juani, ila yeye alilala kwa kazi. Msimu ukaisha. Wadogo wakashinda kwa bao moja, wakala majani ya chemchemi. Digidigi alicheza, akapotea njia mara mbili tatu, lakini kichwa chake hakikuguswa. Msimu wa pili ukaanza, Pimbi bado yuko jiweni. Kila asubuhi alisikia kutoka ziwani serere, serere, tang'! na miguu yake ikicheza yenyewe. Aliikunja tumboni akafumba macho. Alilia pia. Msione alilala raha.

Msimu wa pili ulipokaribia kuisha, Nyati akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa Mzee Tumbusi, akapiga magoti. "Mzee, sheria yako haifai. Inamtazama aliyelala. Anayejua kulala anaweza kuniweka nje mpaka nizeeke! Inapaswa kumtazama aliyegonga. Alitokea mbali au karibu? Alilenga kichwa au bega? Mwenzake alimwona au hakumwona? Hayo ndiyo ya kuulizwa!"

Mzee Tumbusi akakuna shingo yake isiyo na manyoya. "Umenena vizuri mno. Ulikuwa wapi siku zote?"

Wanyama wote wakaitwa kando ya ziwa. Sheria mpya ikasomwa, wote wakaikubali, Nyati kwa sauti kubwa kuliko wote. Mzee Tumbusi akaanza kuitumia papo hapo. "Kosa la kumwangusha Pimbi. Nyati alitokea mbali?"

"Hapana."

"Alilenga kichwa?"

"Hapana."

"Pimbi alimwona?"

"Walikuwa wanatazamana."

"Basi hakuna kosa. Nyati, uko huru."

Nyati akaruka, ardhi ikatetemeka.

Kule juu ya jiwe, kwa mara ya kwanza katika misimu miwili, Pimbi akainua kichwa. "Na la Digidigi, mzee?"

Vichwa vyote vikageukia jiweni.

"Nyati alitokea mbali?" akauliza Mzee Tumbusi, taratibu.

"Mbali sana," wakasema watu wa mbele.

"Alilenga kichwa?"

"Kichwa."

"Digidigi alimwona?"

Wote waliukumbuka ule mgongo.

Nyati akafoka. "Hilo lilikwisha! Nilikaa siku tatu! Na sasa nimekaa misimu miwili bure, kwa salamu! Zihesabuni hizo!"

Pakazuka ubishi hapo! Wengine wanasema zihesabiwe, mtu hawezi kulipa mara mbili. Wengine wanasema hizo alikaa kwa kosa jingine, na la Digidigi halijaguswa. Wengine wanasema Pimbi ndiye afungiwe, tapeli mkubwa. Jua likapanda, barafu ikaanza kutoa maji, bado wanabishana. Mwisho Mzee Tumbusi akasema, "Aliyeumia aseme yeye."

Wakamleta Digidigi mpaka mbele ya Nyati. Digidigi akamtazama usoni, akamtazama tena, akatabasamu kwa adabu. "Shikamoo, bwana," akasema. "Tumewahi kuonana?"

Nyati akafungua mdomo aitikie marahaba, akaufunga. Kisha akaenda mwenyewe, bila kuamriwa, akakaa nje ya ziwa, na ubishi ukaisha.

Pimbi akateremka jiweni, akalichukua gongo lake. Alipokanyaga ziwa, chubwi! Barafu ilikwishayeyuka. Akarudi juani akalala, na mpaka leo ukipanda majabalini utamkuta yuko palepale.

Funzo ni nini? Funzo ni kwamba uongo ni mbaya, wanangu. Digidigi alidanganya kwamba yuko sawa, Pimbi akadanganya kwamba hayuko sawa, na mimi nawaambia wote wawili walikosea, semeni kweli daima. Naam. Na mtu akikusalimia kwa upole, kwanza tazama sheria inasemaje.

Wewe Mkamburi, nilisema nitakuuliza. Ile misimu miwili ihesabiwe au isihesabiwe? Umenyamaza? Haya, jilaze basi, mimi pia sijui. Hadithi nimeitua hapo barafuni. Anayeitaka aiokote kabla jua halijapanda.