Balozi wa Unyenyekevu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana watu walikuwa tayari na degree na tayari hawana kazi, palikuwa na mji uliowapenda mastaa kuliko ulivyopenda mvua. Katika mji huo aliishi mwimbaji, jina lake Sultana Vivi. Sultana Vivi hakuwa anahojiwa ovyo. Meneja wake aliweka masharti kwa kila mwandishi: usimtazame usoni, usimuulize jina, usimkatize akinyamaza. Ukikosea, unatolewa nje na kitambulisho chako kinabaki.

Evarist Mutabuzi, mwandishi wa jarida la Kioo, aliyakubali masharti kwa mikono miwili. Mnamjua mwandishi wa aina ya Evarist. Makala yake huanza na chakula alichoagiza staa, kisha unakuja mwanga wa jioni unaoangukia shavu, kisha anakuja Evarist mwenyewe na hisia zake, kisha anakuja tena. Staa anapata nafasi ukurasa wa pili, kama tangazo la sabuni halijaichukua. Aya ya kwanza alikuwa keshaiandika nyumbani. Alibakiza pengo la chakula tu.

Siku ya mahojiano alitangulia hotelini, akaketi bustanini, akaweka kinasa sauti mezani, akainamisha kichwa kama mkwe mpya.

Siku hiyohiyo, hoteli hiyohiyo, alikuja binti aitwaye Nakiete Mbwambo. Yeye alikuja kwenye usaili wa kazi. Alikuwa na shahada ya sosholojia, first class, bahasha ya kaki kwapani, na macho mekundu ya ule ugonjwa wa kuambukizana, basi akavaa miwani nyeusi ya shangazi yake, kubwa kama vifuniko vya sufuria. Usaili wake ulikuwa ghorofani. Lakini mlinzi alipomuuliza amefuata nini, na yeye akajibu intavyuu, mlinzi akamwambia, "Intavyuu iko bustanini, dada." Na kweli ilikuwepo.

Nakiete akaketi. Evarist hakumtazama.

"Karibu," alisema Evarist, akiyaambia majani. "Unatumia nini?"

Nakiete alifikiria nauli ya kurudi. "Maji tu, bosi."

Evarist akaandika: maji tu. Pengo la chakula likajaa.

"Wewe ni nani, pale ambapo hakuna anayekutazama?"

Nakiete akajisemea moyoni, HR wa siku hizi wana mambo. "Ni yuleyule, bosi. Nafanya kazi bila kusimamiwa."

"Udhaifu wako?"

"Nafanya kazi kupita kiasi."

"Ungekuwa mti, ungekuwa mti gani?"

"Mti wowote. Hata kuni, mradi kuna mkataba."

Evarist akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua, akaandika ukurasa mzima.

"Miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

"Popote mtakaponipangia."

"Na albamu mpya inatoka lini?"

Hapo Nakiete akaelewa. Si mjinga, amesoma. Alielewa kwamba kiti alichokalia si chake na mtu anayemngoja yuko kwingine. Lakini mhudumu alikuwa ndiyo kwanza analeta sahani ya sambusa, heshima ya hoteli kwa staa, na yeye tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni.

"Itatoka ikiiva," alisema, akachukua sambusa. "Siwezi kuiharakisha."

Evarist akaliandika na hilo. Nakiete akala, akanyamaza, akala. Evarist hakumkatiza.

Huko ghorofani jina la Nakiete Mbwambo liliitwa, likaitwa tena, likapitwa. Kazi akapewa aliyekuwepo. Na Sultana Vivi mwenyewe? Alikuwa kwake, amelala. Alisahau.

Makala ikatoka, kichwa chake "Maji Tu". Evarist alikuwa ameyapika maneno yakapikika. "Mimi ni kuni," eti kasema Sultana Vivi, "naungua ili wengine wapate kula." Na tena: "Sina kesho yangu, kesho nimewaachia wanaonituma." Mji ukalia. Wahubiri wakanukuu. Mke na mume waliokuwa wanadaiana talaka wakarudiana wakisomeana. Mheshimiwa mmoja aliagiza maji tu mbele ya kamera, akaenda kula nyumbani.

Basi Mzee Kaduma, mwenye kiwanda cha maji ya chupa, akatangaza: "Mwenye maneno haya nampa kazi. Atakuwa Balozi wa Unyenyekevu wa maji yangu. Kazi ya kudumu, nyumba na bima. Nafasi ni moja."

Wakaja watatu ofisini kwake.

Akasema Nakiete: "Shikamoo, mzee. Mdomo ni wangu. Chukua kinasa sauti cha huyu mwandishi usikilize. Nilikosa kazi yangu kwa kukaa kwenye kile kiti. Naomba hii."

Kinasa sauti kikawashwa. Sauti ikasikika ni ya Nakiete, na ya sambusa.

Akasema Evarist: "Mzee, umesikia neno 'naungua' humo? Hulisikii. Yeye alitoa unga, mimi nimeoka. Maneno ni yangu."

"Kaka," alisema Nakiete, "ulinitazama hata kidogo?"

"Masharti hayakuruhusu."

"Na leo?"

Evarist akamtazama, kisha akatazama dari. "Leo nakuona. Sikutegemea ungekuwa mfupi hivyo."

Akasema Sultana Vivi, amebeba glasi yake ya maji: "Honestly, mimi niliisoma kama ninyi. Nikajiuliza, kumbe ndivyo nilivyo? Nikaona aibu, I swear. Tangu siku hiyo nakunywa maji tu. Mbeba mkoba nimemwachisha kazi, mkoba naubeba mwenyewe, bega linaniuma. Huyu dada aliyasema kwa njaa. Huyu kaka aliyaandika kwa sifa. Aliyeyaishi ni mimi."

(Mbeba mkoba naye alikuwa na degree. Sasa hana mkoba.)

Nakiete akamgeukia. "Dada, ungeamka siku ile, mimi ningepanda ghorofani."

"Kweli, mdogo wangu. Ila ungepanda ghorofani, mimi ningekuwa bado nimelala."

Mzee Kaduma akajikuna kidevu. "Bila jina la huyu nisingelifungua jarida. Bila kalamu ya huyu nisingelia. Bila mdomo wa huyu pasingekuwa na cha kusoma. Lakini wewe binti ulijua si wewe, ukala. Wewe mwandishi hukujua ni nani, ukaandika. Na wewe ulijua hukusema, ukapokea pongezi. Tena natafuta mnyenyekevu mmoja, wamekuja watatu wanaougombea unyenyekevu."

Mhudumu wa ofisi akaleta glasi moja ya maji, akaiweka mezani. Evarist alimwachia Sultana, Sultana alimwachia Nakiete, kila mmoja akimwangalia mzee kwa pembe ya jicho aone kama ameona.

Nakiete aliichukua, akainywa yote.

"Mzee," alisema, "unyenyekevu ni wa wenye kazi. Mimi nimekuja kuomba kazi." Akaiweka bahasha ya kaki juu ya meza.

Mzee Kaduma akaigusa bahasha, asiifungue. Akasema hatamwajiri yeyote mpaka watu wamwamulie. Wale watatu wakakaa kwenye benchi, foleni moja: jina, kalamu na mdomo. Hadi sasa wamekaa.

Sasa ninyi mlioketi hapa mkinisikiliza, ambao nadhani nanyi hamna pa kuwahi, kiti cha Balozi kiko wazi na mzee anangoja. Akipewe aliyeyasema bila kuyamaanisha, aliyeyatengeneza bila kuyasikia, au aliyeyaishi bila kuyasema? Nani akalie?