Ada ya Kubaki Pale Pale

Tegeni masikio, wenye marefu na wenye mafupi, maana miaka ninayoisema jua liliwaka mpaka konokono akatamani kuhama gamba lake. Mito ikabaki mchanga. Nyasi zikawa kama ndevu za mbuzi mzee. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kidimbwi kilicho chini ya Kilima Matundu, na ndiyo maana kila mnyama mwenye akili alitaka kupanga shimo kilimani pale. Na asiye na akili pia.

Kilima kilikuwa mali ya Simba. Alikirithi kwa babu yake, ambaye naye alikipata kwa kunguruma tu. Simba hakutaka kodi ya chakula, alitaka heshima: kila mpangaji akipita mbele ya pango lake, ainame mpaka pua iguse vumbi. Basi, hiyo ndiyo kodi. Lakini kuongea na wapangaji, thubutu! Kuongea na kiumbe anayetafuna majani aliona ni kujishusha. Kazi hiyo akamwachia Fisi.

Na Fisi, jamani! Alijiita Mheshimiwa Dalali, akavaa mkufu wa mifupa, akafungua ofisi kwenye kivuli cha mgunga kando ya kidimbwi. Kupanda kilimani hakupanda, alisingizia magoti. Mgeni akija, Fisi alimwonyesha shimo kwa kidole akiwa amelala hapo hapo chini: "Lile kule, nenda kaangalie." Kwa kidole hicho alilipwa chakula. Haya, tuseme kidole nacho huchoka.

Lakini msimu ukigeuka, Fisi aliwaita tena wote: mkataba umekwisha, leteni ada ya kuhuisha. Juu yake ada ya kukagua, na hakukagua kitu. Juu yake ada ya kumnong'oneza mwenye nyumba asikasirike. Hata Kobe alitozwa.

"Mheshimiwa," Kobe alisema, "nyumba yangu si hii hapa mgongoni?"

"Naam. Na umeiegesha kwenye kilima cha nani?"

Kobe akalipa.

Sungura alipanga shimo la upande wa mashariki yeye na mkewe, na mkewe alikuwa mjamzito wa leo au kesho. Ndani walikuwa na kikapu kimoja cha makopa, mihogo iliyovundikwa ikakaushwa, yenye harufu ya kumtoa mtu machozi. Hayo ndiyo yangepikwa uji wa mzazi. Chakula kingine hawakuwa nacho. Asubuhi hiyo Sungura akaitwa mgungani.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Makopa yako wapi?"

"Mheshimiwa, mke wangu anajifungua. Ndicho chakula chake."

"Hongera sana. Atajifungulia juani. Ngiri analitaka shimo lako, na yeye analipa kabla hajaona. Wapangaji wa namna hiyo ndio ninaowapenda mimi."

Sungura aliona akilini: mkewe ametoka na mimba yake kwenye jua lile, na Ngiri anaingia kinyumenyume, matako mbele, kama ilivyo kawaida yake. Akajikaza.

"Lakini hii ada, Mheshimiwa, ni ya nini? Mimi si nimo mle mle?"

"Ni ya kukutafutia nyumba."

"Hii ninayoishi?"

"Kila msimu nakutafutia upya! Wewe umelala, mimi nahangaika." Alisema hayo akiwa chali, miguu juu.

"Kwani shimo langu ni lipi?"

Sungura hakuwa na hila yoyote alipouliza, uchungu tu ulimtoka. Lakini kidole cha Fisi kiliinuka, kikatangatanga juu ya kilima kama nzi asiyejua atue wapi, kikatua kwenye kichuguu cha mchwa.

"Lile pale."

Sungura akameza kicheko kikamkwaruza koo. Kumbe! Miaka yote hii, mtu anatoza mashimo asiyoyajua! Hila ikamjia pale pale.

"Lenyewe kabisa! Una macho, Mheshimiwa. Sasa nionyeshe upya, kama ilivyo desturi: dalali anatangulia, mpangaji anafuata, malipo mlangoni. Majirani wamekuwa wakinung'unika. Wakikuona kwa macho yao unafanya kazi, nani atathubutu kukunyima kikapu?"

Fisi aliposikia vikapu, magoti yalipona.

Sungura akakimbia nyumbani kuchukua makopa. Mkewe akamkazia macho.

"Unampelekea makopa yangu?"

"Nayatembeza tu, mama. Yatarudi."

"Yasiporudi, usirudi na wewe."

Basi wakapanda. Fisi mbele, mkufu unalia kwarakwara, Sungura ubavuni mwake amekishika kikapu chini ya pua ya Fisi, na nyuma yao kundi la wapangaji waliokuja kuona maajabu ya dalali anayepanda kilima. Udenda ulimtoka Fisi ukachora njia vumbini. Pua inayosifika kunusa mzoga ng'ambo ya bonde sasa ilinusa makopa tu, haikuwa na nafasi ya kingine.

Walipofika kwenye mashimo, Fisi akasita.

"Ni... ni huku, siyo?"

"Mimi mpangaji tu, Mheshimiwa. Dalali ni wewe."

Sungura hakusema zaidi. Alitupa jicho mara moja kwenye tundu kubwa lenye kivuli kizuri. Fisi, aliyezoea kuiba, akaliiba na jicho hilo.

"Lile! Nilitaka nikupime tu."

Wapangaji wakatazamana. Tundu lile lilikuwa mlango wa nyuma wa pango la Simba, anapojilaza mchana jua likiwa kali. Bi Nungunungu alifungua mdomo amwonye. Akakumbuka vikapu vyake. Akaufunga.

Fisi akaingia kifua mbele. Ndani giza tupu.

"Karibu. Hapa sebuleni. Pana, ina hewa."

"Mbona hewa yenyewe ya moto, Mheshimiwa? Inakuja inarudi, kama pumzi."

"Upepo wa mlimani huo. Wengine wanaulipia zaidi."

"Na hiki kitu laini hapa chini?"

"Zulia. Nimelitia mimi kwa gharama zangu." Fisi akalikanyaga kwa nguvu kuonyesha ubora. Zulia likajivuta likatoka chini ya mguu wake.

"Limesogea!"

"Zulia zuri lina uhai," akasema dalali.

Sungura alikuwa amesimama karibu kabisa na mlango, mguu mmoja nje.  Makopa aliyakumbatia, akauliza kwa sauti ili hata walio nje wasikie:

"Na mwenye nyumba hatakuja kunisumbua?"

"Nani, kile kizee?" Fisi akacheka mpaka mkufu ukalia. "Kizee hakijui hata kina matundu mangapi. Kiinamie tu, kinasinzia. Kilima hiki kina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi!"

Gizani kukasikika mtu akishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyeamshwa.

"Nani humu?" Fisi akauliza.

"Mimi," sauti nzito ikajibu.

"Umekaa humu tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Nje, Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba. Fisi yeye aliona bahati imemwangukia: mpangaji wa miaka yote hiyo, na hajawahi kumwona mgungani!

"Tangu uzaliwe! Na ada ya kuhuisha hujaleta hata mara moja! Una haya wewe? Wewe ni mnyama mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa kiasi."

"Basi utalipa cha ukubwa, na faini ya kuchelewa."

"Nisipolipa?"

"Namwingiza Ngiri humu leo leo, nawe ukalale juani!"

Simba akasimama. Macho yakawaka gizani, moja, kisha la pili, mahali palipo juu mno kuliko Fisi alivyotarajia.

"Aa... Mfalme," akasema Fisi. "Nilikuwa nafanya mazoezi."

Mngurumo uliotoka pale ulimtoa Fisi mlangoni bila miguu yake kugusa chini. Wapangaji wakampisha kwa adabu zote, isipokuwa Bi Nungunungu, aliyegeuza mgongo kwa bahati mbaya. Bahati mbaya kabisa. Fisi akateremka kilima chote akipiga mayowe, miiba imejaa matakoni, mkufu umekatika, akaupita mgunga, akakipita kidimbwi, na hakuonekana tena upande ule.

Simba akatoka nje. Msije mkadhani alikasirikia vikapu vya wapangaji. Aka! Kilichomuuma ni lile neno kizee. Akasimama juani ananguruma peke yake, "Kizee! Mimi!" akijilamba manyoya yakae sawa. Sungura akainama mpaka pua ikaingia vumbini.

"Mfalme, mimi ni mpangaji wako wa mashariki. Mkataba wangu umekwisha. Nikae au nihame?"

Simba akamtazama kama mtu aliyesemeshwa na jiwe.

"Nani kasema uhame?"

"Fisi."

"Kaa," Simba akasema, akajikuna tumbo.

"Na mimi?" akauliza Bi Nungunungu.

"Kaeni wote! Mnanipigia kelele za nini?" Akarudi ndani kulala.

 Mihogo yote ile, karanga zote zile, njaa yote ya watoto, kumbe wapangaji walikuwa wananunua neno moja analolitoa mwenyewe bure huku anajikuna. Na ninyi mnaomlipa mtu akawaombee ruhusa ya kulala mlimokwisha kulala, haya ni yenu: kamuulizeni mwenye nyumba.

Sungura akarudi na kikapu kichwani, anatembea kwa madaha ya mshindi. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, uchungu umeanza.

"Makopa yako haya," akasema Sungura. "Nimemkomesha! Ungeniona!"

"Mwenye nyumba amesemaje?"

"Amesema tukae."

"Basi?"

"Basi."

Mkewe akasubiri uchungu upite, akamtazama toka masikioni mpaka vidoleni.

"Na wewe, mjanja wa msitu mzima, miaka yote hii hukuweza kwenda kumuuliza?"

 Sungura akainama, akaanza kupuliza moto wa uji.