Kindi na Mashine Isiyozungukwa

Hapo zamani, kale ile ambayo wanyama walikuwa na nyumba zao na majirani wa kusemana nao, Tembo ndiye aliyekuwa serikali. Alijenga chuo cha kufundisha kukamua mafuta ya ufuta. Somo lilikuwa moja tu: unajifunga kwenye mti wa kinu, unazunguka. Kru, kru, kru, mpaka mafuta yatoke. Babu yake Tembo alizunguka hivyo, na baba yake pia.

Lakini ng'ambo ya mto Nyati alikuwa amejenga kiwanda. Mashine yake ilisukumwa na maji. Mfanyakazi hufungua lango la maji, hukaza parafujo, hutega sikio. Hakuna anayezunguka.

Kindi alihitimu chuoni, akaenda kuomba kazi. Akaitazama mashine, akaanza kuizunguka.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Nyati akauliza.

"Mti wa kujifungia, Bwana Nyati."

"Na wewe tena? Kila anayetoka chuo kile ananizungukia kama nzi. Rudi kwenu."

Kindi akarudi kwa Tembo. "Mzee, kule hawazunguki."

"Basi hukuzunguka vya kutosha," Tembo akasema. "Rudia mwaka."

Mwaka mzima, na masika yalikuwa mlangoni, na ghalani kwa Kindi hamkuwa na hata punje ya kuwalisha wanawe. Akakaa juu ya tawi, akakuna sikio, kisha akacheka peke yake.

Kesho yake akamwambia Tembo: "Mzee, Bwana Nyati anaomba uje mwenyewe umwonyeshe kuzunguka kwa kweli. Anasema sisi tunakuharibia jina."

Tembo akatikisa masikio kwa furaha.

Kisha Kindi akamwendea Nyati: "Bwana, Mzee Tembo anakuja kukagua mashine. Ataizunguka. Tafadhali usimkatize, maana akikatizwa huanza upya."

Siku ilipofika, wanyama wakajaa kiwandani. Tembo akasalimia, akaanza kuizunguka mashine. Tii, tii, tii. Nyati akasimama kando kwa heshima, lango la maji amelifunga. Jua likapanda. Tii, tii. Masikio ya Tembo yakalegea, miguu ikapishana. Puu, akaketi sakafuni.

"Nyati," akahema, "mafuta yako wapi?"

"Mafuta gani, Mzee? Nangoja umalize ukaguzi."

"Ukaguzi? Ndugu yangu, mimi nafanya kazi."

Kisha Fisi akaangua kicheko, na kiwanda kizima kikamfuata.

"Kindi yuko wapi?" Tembo na Nyati wakanguruma pamoja.

"Niko huku juu," Kindi akajibu kutoka kwenye boriti ya paa. "Nimewadanganya, wazee wangu, nisameheni. Lakini Mzee Tembo, hivyo ndivyo nilivyozunguka mimi. Nawe Bwana Nyati, umewahi kuvuka mto ukamwambia unachohitaji?"

Nyati akatazama kwato zake. "Sikualikwa."

"Nami sikuja kuuliza," Tembo akasema, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

Nyati akafungua lango. Chwaaa. Mashine ikaamka. "Kindi, shuka ushike parafujo, nikuonyeshe."

Kindi akashuka mbio, na tangu siku ile hakutafuta kazi tena. Naye Tembo, bado ameketi palepale sakafuni, akainua mkonga taratibu, kama mwanafunzi darasani.

"Samahani, mwalimu," akamwambia Nyati. "Hilo lango linafunguliwaje?"

Basi, wanangu, anayefundisha kazi na anayeajiri wasipotembeleana, anayezunguka ni yule anayetafuta kazi.