Aliyefunga Mwalo Hakufunga Ziwa

Aliyefunga mwalo hakufunga ziwa. Mmemsikia mwenyekiti wa chama cha wavuvi akimaliza hotuba kwa maneno hayo, nanyi mmeniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhushia samaki, haukuwa na mwenyewe. Kila mvuvi alishusha, akamuuzia amtakaye. Kisha akaja mnunuzi mmoja, Kaswaga, mwenye lori la barafu. Alinunua kiwanja cha ufukweni, na asubuhi moja wavuvi waliporudi walikuta seng'enge imezunguka mwalo wote, na walinzi wawili langoni.

"Atakayeshusha hapa ataniuzia mimi tu, kwa bei yangu," Kaswaga akawaambia.

Jua lilikuwa linapanda, na sato walikuwa wengi. Mzee Magesa, aliyeheshimiwa kuliko wavuvi wote, akashusha pumzi.

"Tukubali leo, jamani. Samaki wataoza."

Nyabise, mjane aliyeishi kwa kuanika dagaa, alikuwa amesimama nje ya seng'enge na beseni lake tupu. Aliingia ziwani, akaizunguka seng'enge, maji yakamfika kifuani, akaushika mtumbwi wa Magesa.

"Baba, ukikubali leo, kesho utamwomba ruhusa ya kuvua?"

"Sasa twende wapi, mwanangu? Ufuo ni huu mmoja."

"Amefunga mwalo, ziwa hajalifunga. Twendeni Majabalini."

Majabalini hapakuwa na aliyewahi kushusha. Mawe yake yalichongoka kama meno ya mamba. Mtumbwi uliotangulia ulipasuka ubavu, nao ulikuwa wa Magesa mwenyewe. Samaki wengi waliharibika siku hiyo, na wapo walionung'unika kwamba mwanamke amewaponza. Magesa alitoka majini akichechemea, akaomba mtaimbo.

"Mtumbwi nimeshaupoteza," akasema. "Sitampigia Kaswaga na magoti." Akaanza kung'oa jiwe la kwanza.

Tulifanya kazi siku kumi na tisa, wanaume kwa wanawake, wengine wakivua, wengine wakibeba mawe. Mimi nilikuwamo, na bega hili halijanyooka mpaka leo. Hapo ndipo chama kilipozaliwa. Watu arobaini na mmoja tuliapa kwamba hakuna atakayeshusha wala kuuza peke yake. Habari zikaenea, na wanunuzi wengine wakaanza kuja.

Lori la Kaswaga lilisubiri langoni mpaka barafu ikawa maji. Mwezi wa pili tangu tuhame, Kaswaga alikuja Majabalini kwa miguu.

"Seng'enge nimeiondoa," akasema. "Rudini kwenu."

Nyabise alikuwa akigeuza dagaa wake juani, wala hakuinuka.

"Kwetu ni hapa. Ukitaka samaki, simama kwenye foleni na wenzako."

Kaswaga akatazama foleni, akatazama mawe tuliyoyapanga, kisha akaenda kusimama nyuma ya mama mmoja mwenye kikapu.

Tangu hapo, yeyote akitutisha kwa lango lake, hatumbembelezi. Tunamwambia: aliyefunga mwalo hakufunga ziwa.