Jiwe la Stendi

Jiwe la stendi hutafutwa ardhi ikiwa kavu. Mmeisikia leo harusini, somo akimwambia bibi harusi, mkatazamana na kucheka, kisha mkaja kuniuliza pikipiki imeingiaje kwenye ndoa. Haikuanzia kwenye ndoa. Ilianzia kwenye uwanja wa mpira huko Tukuyu, na mtu wa kwanza kuitamka wala hakuwa na nia ya kutunga methali. Sogeeni niwaeleze ilivyozaliwa.

Miaka ile, waendesha pikipiki wa Mbeya, Njombe na Iringa walikuwa wakikutana Tukuyu mara moja kwa mwaka, mwisho wa juma, wakipiga mahema, wakipika pamoja na kusimuliana safari. Walikuwa na desturi moja waliyoiheshimu kuliko zote: pikipiki zao ziliegeshwa katika mstari mmoja, kila moja ikiegemea stendi yake, ule mguu wa chuma wa pembeni, usukani karibu na usukani, zikiielekea barabara. Mpita njia akiuona mstari ule alijua kuwa hawa ni watu wa kundi moja.

Mwaka huo Gwakisa alikwenda kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwepesi wa maneno na mwepesi wa kuwaka, na pikipiki yake aliinunua kwa jasho lake, jambo ambalo hakuruhusu mtu alisahau. Alimshawishi rafiki yake Ambwene waende wote. Ambwene hakuwa na pikipiki. Mwenye nayo alikuwa baba mkwe wake, Mzee Mwandambo, bwana shamba mstaafu, aliyezunguka nayo vijijini miaka ishirini, na ambaye bado aliiosha kila Ijumaa hata kama haikutoka uani. Ambwene alikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Hakuwahi kumwomba mzee yule kitu chochote, kwa sababu alijua binti alitolewa huku moyo wa baba ukisita.

Kwa hiyo Gwakisa ndiye aliyeomba. Alisimama katikati ya ua kama wakili mahakamani.

"Mpe, baba. Nitakuwa ubavuni mwake kwenda na kurudi. Ikirudi na mkwaruzo, usimuulize yeye. Niulize mimi."

Mzee alimtazama, kisha akamkabidhi mkwe wake ufunguo. Ambwene aliupokea kwa mikono miwili.

Walifika Tukuyu Ijumaa mchana, jua likiwa kali na uwanja mgumu kama sakafu. Aliyewapokea ni Dada Subilaga, muuguzi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kambi.

"Egesheni hapo mwisho wa mstari," aliwaambia. "Halafu kila mmoja atafute jiwe bapa aliweke chini ya stendi."

Gwakisa alipiga kisigino chini. "Dada, hapa hata yai likidondoka linapasuka. Jiwe la nini?"

"Hapa ni Tukuyu, mdogo wangu. Mvua ya huku haibishi hodi."

"Basi ikija nitaliweka."

"Mwacheni," akasema mzee mmoja aliyekuwa akifungua mizigo. "Pikipiki yake imesoma, inajua kusimama yenyewe."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwingia Gwakisa kama pilipili puani. Tangu hapo, hata kama angetaka jiwe, asingeweza kuliokota bila kuonekana amesalimu amri. Ambwene alishuka mtoni akarudi na mawe mawili, akamwekea rafiki yake moja miguuni. Gwakisa akalisukuma pembeni kwa ncha ya buti.

"Hilo mpelekee babu yako alalie," alisema.

Mvua ilianza Jumamosi alfajiri, na ilipoanza haikupumua. Kufikia adhuhuri watu wote walikuwa chini ya turubai wakisubiri ndizi ziive. Kutoka pale alipokaa, Gwakisa aliiona pikipiki yake. Ilikuwa imeanza kulala upande, tofauti na nyingine. Alitazama sufuria, akatazama tena uwanjani; sasa ilikuwa imelala zaidi. Kulikuwa na hatua arobaini tu kuifikia, lakini hatua hizo arobaini zilikuwa mbele ya macho ya watu thelathini. Akajiambia: nikishakula.

Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ilikuwa ni sauti ya vyuma vikipokezana, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba nzima. Pikipiki ya Gwakisa iliiangukia ya Ambwene, ya Ambwene ikaiangukia iliyofuata, hadi zikalala kumi na moja. Nyingi zilipokelewa na matope, zikapata uchafu tu. Ile ya Mzee Mwandambo ilibeba uzito wa ya Gwakisa: tangi lilibonyea, kioo kikavunjika, stendi ikapinda.

"Upepo huu," mtu mmoja alisema.

Gwakisa akafungua mdomo akubali. Kisha akaona kuwa wote wanatazama chini, pale stendi yake ilipokuwa imezama na kuacha shimo refu lililojaa maji. Akaufunga.

Walipoziinua, ardhi ilikuwa laini mno, na mawe waliyoyaweka yalikuwa yamefukiwa topeni. Gwakisa alikimbia mtoni kutafuta mengine. Mto ulikuwa umejaa, mawe yote yako chini ya maji mekundu. Alirudi mikono mitupu, akaikuta ile pikipiki ya mzee imeegemezwa kwenye kiuno cha Ambwene. Akaishika yeye. Akasimama nayo pale mvuani, alasiri nzima, kama nguzo.

"Ilaze tu," Ambwene alimwambia. "Imeshaumia."

"Nilisema nitakuwa ubavuni."

"Ulisema ubavuni mwangu. Hukusema ubavuni mwa pikipiki."

Gwakisa hakucheka. Ambwene akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Tukifika tuseme ng'ombe alikatiza barabara. Mzee anawajua ng'ombe wa kule, ataamini. La sivyo, wewe utasema ukweli wako ujisikie mwanaume, kisha utakwenda kwako. Mimi nitabaki na baba mkwe."

Maneno hayo yalimkaa Gwakisa shingoni kuliko baridi. Ng'ombe angewaokoa Jumapili. Lakini uwanjani kulikuwa na watu thelathini, na siku mmoja wao atakapopita kwa mzee, Ambwene ndiye atakayekuwa mwongo ndani ya nyumba ile.

Jumapili walirudi polepole. Mzee Mwandambo alikuwa uani. Aliizunguka pikipiki mara moja, akapitisha kidole kwenye tangi.

"Shikamoo, baba," Gwakisa alisema. "Imerudi na mkwaruzo. Niulize mimi."

Mzee akauliza. Gwakisa akaeleza yote: kisigino, kicheko, jiwe alilolisukuma, hatua arobaini alizoshindwa kwenda. Hakubakiza kitu, hata yale yaliyomchoma. Ambwene aliinamisha kichwa.

"Ulijua itanyesha?"

"Nilijua, baba."

"Na mawe yalikuwepo?"

"Yalikuwepo. Mkwe wako aliniletea."

Mzee akamgeukia Ambwene. "Wewe ulikuwa uniambie nini?"

"Ng'ombe, baba."

Mzee akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Ningekuamini. Na siku ningejua, ningekaa na wewe mezani miaka yote nikikuona ng'ombe." Akaketi kwenye kigoda. "Sikilizeni. Kuaminiana hakutafutwi siku ya kuanguka. Jiwe la stendi hutafutwa ardhi ikiwa kavu. Leo mmenipa jiwe, ingawa limechelewa."

Akachukua ufunguo mkononi mwa Ambwene, akamtupia Gwakisa.

"Kesho uipeleke kwa fundi wewe mwenyewe, na uirudishe wewe mwenyewe. Na Ambwene akitaka kuiazima tena, asimtume wakili. Aje aniombe kwa mdomo wake."

Ndiyo maana somo alimwambia bibi harusi vile leo, siku ambayo kila mtu anacheka na jua linawaka: jiwe la stendi hutafutwa ardhi ikiwa kavu.