Rivasi Bila Kusimama

Kulikuwa na bwana mmoja, na wa namna yake wako hata hapa kanisani, kwenye mabenchi. Alilelewa na dada yake, aliyeacha shule ili yeye asome. Siku moja akaenda kijijini na mkewe, na gari jipya la haibridi, yale ya betri na petroli. Dada akamwambia, "Mdogo wangu, siku hizi umetusahau." Maneno hayo tu. Bwana akawaka. "Wewe ulinilea, hukunizaa." Akaingia garini na mkewe, wakaondoka.

Kwenye kioo akamwona dada anakuja nyuma kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani. Kwao mgeni haondoki mikono mitupu, hata akikutukana. Jamani, aibu ikamshika. Gari likiwa bado linakwenda, akatia rivasi.

Gari la zamani lingesaga giaboksi. Hili lina kompyuta. Likapiga mlio, likajiweka nyutro, likaandika kwenye dashibodi: simama kwanza. Halikukataa kurudi, wapendwa. Lilikataa kurudi huku linakwenda mbele.

Mkewe akasema, "Kanyaga breki, baba watoto. Simama, ndipo urudi."

"Nikisimama ataona nimeshindwa. Nilitaka nirudi nyuma kidogo, nipokee ndizi, basi."

"Na neno ulilomwambia?"

"Atasahau. Si ni dada yule?" Akatia gia ya mbele, akakanyaga mafuta.

Wiki tatu baadaye alirudi. Safari hii alisimama vizuri kabisa, maana turubai la msiba lilikuwa limeziba njia. Alilia mpaka akashikwa na watu watatu. Machozi ya nini sasa? Aliyekuwa wa kuyaona alikuwa ndani ya sanduku.

Mnamsikitikia? Sisi ndio yeye. Tunataka kutubu bila kuacha. Jumapili tunatia rivasi hapa, na mguu uko kwenye mafuta. Tunamwomba Mungu msamaha kwa sauti kubwa, na yule tuliyemtukana tunampita barabarani kama hatumjui. Halafu tunalalamika kwamba maombi hayajibiwi. Yajibiwe vipi?

Leo sitaki amina, zimenichosha. Nataka mtu mmoja tu anyanyuke sasa hivi, atoke nje, ampigie simu nduguye angali anaweza kupokea. Mlango uko wazi. Nitangoja.

Naona mnatazamana. Haya, katibu, njoo usome matangazo.